Tulimtafuta Mpagazi Taveta

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa nimeketi, nikinywa chai ya watu.

Mama alikuwa amekuja Kitengela kutoka nyumbani Vihiga kumwona mjukuu wake, mtoto wa kiume wa ndugu yangu mdogo. Mtoto alikuwa na miezi mitano na sauti ya mtu mzima. Alilia asubuhi, akalia mchana, akalia hata akiwa amebebwa na amelishwa na amebadilishwa nguo. Ndugu yangu, ambaye ni karani katika kiwanda kimoja upande wa Athi River na anapenda mambo yenye stakabadhi, alikuwa amempeleka kliniki mara tatu na kurudi na dawa tatu tofauti. Mama alimsikiliza mtoto kwa siku mbili bila kusema neno, kama fundi anavyosikiliza injini. Siku ya tatu akatoa jibu: mtoto amepewa jina ambalo si lake.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Akilia bila sababu, mkubwa mmoja hukaa naye na kumtajia majina ya marehemu moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake. Mama alianza na baba yangu. Mtoto akalia. Akapita kwa ndugu za baba, akapita kwa babu, akapita hata kwa mjomba mmoja mlevi ambaye hakuna aliyemtaka arudi. Mtoto akalia. Mwisho akataja jina la babu wa baba yangu, yule aliyechukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika ile vita ya kwanza na Mjerumani, na hakurudi. Mtoto akanyamaza. Shemeji yangu aliniambia baadaye kwamba wakati huohuo alikuwa amempa titi, lakini hilo halikuzingatiwa.

Shida ikawa moja. Babu huyo hakuwahi kuzikwa, na mtoto hawezi kupewa jina la mtu ambaye bado yuko njiani. Mtu wa kwetu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake. Shina linalazwa kaburini, watu wanalia, wanakula, mambo yanaisha. Lakini mke wa mpagazi huyo alikataa mgomba. Alisema mumewe anakuja. Akasema hivyo mpaka akafa, na mwanawe akarithi kungoja, na mke wa mwanawe, ambaye alikuwa mama mkwe wa Mama, alipokuwa anakufa akamwita Mama akamwachia kazi hiyo: mtafuteni kwanza, mkipata hata udongo wa alipolala, muuweke chini ya mgomba, mmzike.

Mama sasa ana miaka sabini na kitu, na goti moja tu linalokubali kutumwa. Alituambia pale mezani kwamba hana nafasi ya kumwachia mtu mwingine deni hilo, kwa sababu akituangalia sisi haoni wa kumwachia. Aliponiangalia mimi, aliangalia kwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo nikasema.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi kwa muda mfupi. Nimepasua mawe kwenye machimbo ya Kajiado, nimelinda ghala la saruji, nimeuza maji kwa mkokoteni hapohapo Kitengela, nimepakia vitunguu Illasit na ndizi Taveta. Sina cheti cha kitu chochote, lakini nimeona kila mahali kidogo. Nikiona lango limeachwa wazi, huwa naingia, ndiyo tabia yangu. Ndivyo nilivyoingia kwenye makaburi ya wanajeshi pale Taveta, siku tuliyokuwa tunangoja lori la ndizi. Niliona nyasi zilizokatwa vizuri na mawe meupe yamepangwa kama watoto wa shule.

Nikamwambia Mama kwamba babu yuko Taveta. Nikamweleza, huku nikijimiminia kikombe cha pili, kwamba Mwingereza hana mchezo na maiti. Baada ya vita aliwakusanya wote, kila mtu akapewa jiwe lake na jina lake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma safu mbili tu kabla lori halijapiga honi.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema, "Miaka yote hii, kumbe wewe unajua."

Sijawahi kusifiwa hivyo na mama yangu. Ningefanya nini, nikatae?

Ndugu yangu alitaka tuanze karibu. Jumapili baada ya kanisa akatupeleka Nairobi kuona zile sanamu za shaba za askari Waafrika wa vita hiyo. Ni watu watatu wamesimama juu ya jiwe katikati ya barabara, magari yanawazunguka pande zote. Mmoja wao ni mpagazi. Mama alimzunguka, akamtazama miguu, akamtazama kifua.

"Huyu amekula," akasema.

Akauliza jina lake liko wapi. Ndugu yangu akamweleza kwamba sanamu hizo si za mtu fulani, ni za wote.

"Mtu hawezi kuwalilia wote," Mama akasema, na akarudi garini.

Kwa hiyo tukapanga Taveta Jumamosi iliyofuata.

Ni lazima sasa niseme kuhusu baba yake shemeji. Shemeji yangu ni Mmaasai, mwalimu, na baba yake anaishi mbele ya Kajiado, ukishapita Bissil, na ng'ombe wake na mbuzi wake. Ni shemasi kanisani. Huvaa koti la suti juu ya shuka, na fimbo haiachi hata akiingia benki. Tangu mtoto azaliwe, yeye humwita Mama "Koko", yaani nyanya, na Mama humwita "Mkwe". Wanaheshimiana sana, kwa ile heshima ya watu ambao hawajawahi kukubaliana kuhusu kitu na wanaogopa kuanza.

Mzee alisikia habari za jina la mtoto, na akaja Kitengela Ijumaa. Alisema amekuja kutusindikiza. Mtu hawezi kuacha wakwe zake waende makaburini peke yao. Lakini shemeji, akiosha vyombo, aliniambia kilichomleta. Wazee wa kwao hawataji jina la mtu aliyekufa. Vijana siku hizi hawajali, lakini babake hajataja jina la baba yake mwenyewe tangu siku alipomzika, na hata jina la marehemu kaka yake, ambalo lilikuwa pia neno la kawaida la aina ya nyasi, amelitafutia neno jingine. Sasa mjukuu wake atapewa jina la maiti. Alikuwa amemuuliza bintiye swali moja tu: "Mimi nitamwitaje?"

Shemeji alisema akimkatalia mama mkwe, amevunja nyumba huku. Akikubali, baba yake atakufa bila kumwita mtoto wake kwa jina. Akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Tulitoka mapema, tukafuata barabara ya Mombasa hadi Emali, tukakunja kulia kuelekea Loitokitok. Ndugu yangu aliendesha, mzee akakaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Nyuma tulikuwa Mama, shemeji na mtoto, na mimi, na juu ya miguu ya Mama mkebe wa mafuta ya kupikia, umeoshwa na kukaushwa, wa kuwekea udongo.

Mama huongea habari za wafu kama watu wengine wanavyoongea habari za majirani. Alianza kabla ya Emali. Marehemu huyu alipenda samaki, marehemu yule alikuwa na wivu, yule mwingine alimpiga fisi kwa mwiko. Kila alipotaja jina, mzee aligeuka dirishani na kusifu ng'ombe. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati tu. Tulipofika Kimana alikuwa ameshasifu mifugo yote ya kusini mwa Kajiado, pamoja na punda wawili waliokonda sana.

Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Mzee, na ninyi mtu akifa, mnamwitaje?"

"Hatumwiti."

"Na mkitaka kumkumbuka?"

"Tunanyamaza."

Mama akasema kwamba hiyo pia ni njia, kwa sauti ya mtu anayeona kwamba si njia. Mzee akaonyesha ndama.

Taveta tulifika jua likiwa juu ya kichwa. Makaburi yalikuwa kama nilivyoyaacha, na kwa dakika chache nilijisikia mtu wa maana. Mlinzi wa bustani, mwanamume mpole mwenye makasi ya kukatia maua, alitukaribisha kama wageni wa harusi. Mama alisimama langoni, akatazama zile nyasi, akasema ni safi kuliko kanisa letu. Akavua viatu. Mlinzi akamwambia si lazima. Mama akamwambia anajua si lazima.

Kisha akaniambia nisome.

Nilidhani anataka nitafute jina letu kwa macho, lakini alitaka nisome yote, kwa sauti, jiwe kwa jiwe. Mtu hawezi kujua kwamba umemjia kama hajasikia ukiita, na huwezi kuita mmoja katikati ya wenzake na kuruka wengine. Ni adabu mbaya. Basi nikaanza. Nilisoma majina ya Kizungu kwa ulimi wangu wa kidato cha pili, na vyeo vyao, na umri wao pale ulipoandikwa. Walikuwa vijana. Kila niliposoma umri, Mama alitoa sauti ndogo ya koo, kama mtu aliyeonyeshwa nguo ya bei kubwa.

Kwa jina la tatu mzee alivua kofia. Kwa la sita akaivaa tena. Sidhani kulikuwa na mtu yeyote katika maisha yake aliyewahi kumtajia maiti wengi hivyo kwa mfululizo. Safu ya kwanza haikuwa imeisha alipogeuka, akatembea taratibu hadi kwenye gari, akaingia, akapandisha vioo vyote. Katika joto lile la Taveta. Mlinzi akaniuliza kama mzee ni mgonjwa.

"Anaheshimu tu," nikasema, na nikaendelea.

Kulikuwa na jiwe lisilo na jina. Lilisema kwa Kiingereza kwamba aliyelala hapo ni askari anayejulikana na Mungu. Nikamtafsiria Mama. Akafikiria, akauliza kama kuna ofisi ya kumuuliza Mungu. Mlinzi akacheka, akaona Mama hacheki, akaacha.

Tulipomaliza safu ya mwisho jina letu halikuwapo. Mlinzi akatuletea kitabu cha orodha, tukakipitia, na ndugu yangu, mtu wa stakabadhi, akakipitia tena. Ndipo mlinzi akauliza marehemu alikuwa kikosi gani. Nikamwambia hakuwa wa kikosi, alibeba mizigo.

Akaweka makasi yake chini kabla ya kujibu. Alisema kwa upole kwamba wapagazi hawako hapa. Walikuwa wengi sana na hawakuwekewa mawe. Kwa kawaida kila mmoja alizikwa pale alipoangukia, kama alizikwa.

Mama hakumtazama mlinzi. Alinitazama mimi.

"Wewe ulisema kila mtu ana jiwe lake."

"Nilikuwa nimesoma safu mbili, Mama."

"Safu mbili." Akalitafuna hilo neno. "Nimepitishwa nchi nzima na safu mbili."

Ndugu yangu, ambaye amengoja tangu utotoni kuniona nimekamatwa hivyo, alikuwa muungwana akageuka kutazama mlima, ambao ulikuwa umefunikwa na mawingu. Shemeji akauliza kwa sauti ya chini kama hatuwezi kuchukua udongo kidogo wa hapahapa, maana hii nayo ni nchi ya vita vilevile. Mlinzi akaanza kueleza kwamba kuchimba hakuruhusiwi. Mama akamwondolea shida.

"Siwezi kubeba mtoto wa mtu," akasema. "Mama yake akija, atamtafuta wapi?"

Akainama kwa taabu juu ya kaburi la kijana mmoja wa miaka ishirini, akang'oa jani moja la magugu ambalo makasi hayakuliona, akaliweka mfukoni. Kabla ya kutoka akaona kitabu cha wageni, na mahali pa kuandika maoni. Wageni waliotangulia walikuwa wamesifu utulivu na maua. Mama akanitajia cha kuandika, nami nikaandika kwa mwandiko wangu bora: *Tulikuja kumtafuta mtu wetu. Hayupo.*

Njia ya kurudi hata ng'ombe hawakusifiwa. Tulisimama Illasit kunywa chai kwa sababu mtoto alikuwa amelia kutoka Rombo na ndugu yangu hakuona tena barabara. Tukaketi kwenye kibanda kimoja karibu na marundo ya nyanya. Mkebe mtupu ukawekwa mezani, na mwenye kibanda akaleta sukari akidhani ni wa sukari.

Shemeji ndiye aliyeanza. Nadhani alitaka tu kumfariji. Akamuuliza Mama kama kuna mtu yeyote aliyerudi kutoka vitani na kusema alikomwacha marehemu. Mama akasema ndiyo, alirudi mmoja, jirani, na habari hiyo ukoo wote unaijua. Walipakiwa kwenye gari-moshi, wakashushwa nchi ya Wamaasai, wakabebeshwa, wakaanza kutembea kuelekea kwa Mjerumani, mlima mkubwa ukiwa mkono wa kushoto. Siku ya pili tangu kuacha reli babu akashikwa na tumbo la kuhara. Hakuwa peke yake. Waliwalaza chini ya miti ya miiba, wakagawana mizigo yao, wakaendelea.

Mimi, ambaye nimewauliza watu wasionihusu jinsi wanavyochinja na wanavyooana na wanavyojenga, sikuwahi kumuuliza mama yangu swali hilo. Nilijua babu alikufa vitani, nikatosheka. Na ndugu yangu alidhani mimi nimeuliza.

Mzee alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Reli ya Kajiado," akasema. "Kushuka pale, kwenda njia ya Namanga. Siku ya pili."

Hakuwa anauliza. Alizungusha fimbo yake mara mbili. Kisha akasema, akiitazama fimbo, kwamba nyuma ya boma lake kuna mawe. Baba yake alimwonyesha akiwa mtoto. Mtu haketi hapo, hakati mti hapo, na akipita huongeza jiwe moja. Ni watu wa mizigo.

Ndugu yangu akauliza, kwa heshima yote aliyobaki nayo, "Mzee, na mbona hukusema? Tumeenda Taveta na kurudi."

"Hamkuniuliza. Mliniambia babu yenu yuko Taveta ameandikwa. Nani abishane na maandishi?" Akaongeza, "Na mambo kama haya, mtu haanzi yeye."

"Mkwe," Mama akasema, "mimi nilijua kama kwako kungekuwa na kitu, ungesema. Kwetu mtu akinyamaza, hana habari."

"Koko, kwetu akinyamaza ndiyo yuko nazo."

Shemeji alianza kucheka akajificha nyuma ya mtoto. Mama hakucheka, lakini alimwambia mwenye kibanda amwongezee mkwe wake chai.

Kesho yake, Jumapili, ibada ya Bissil ilipokwisha na shemasi kumaliza kusalimiana na kila mtu, tukaenda. Kutoka bomani tulitembea kidogo tu, na Mama alishikwa mkono mmoja na mimi na mwingine na ndugu yangu. Hapakuwa na lango, wala nyasi, wala kitabu. Palikuwa na miti ya miiba na rundo la mawe, kimo cha kiuno, refu kama lori. Juu yake mbuzi wawili.

"Wako wangapi?" Mama akauliza.

"Hatuhesabu."

Mama akafunga kitambaa chake vizuri. "Basi nitamwita."

Mzee akasogea akasimama kati yake na mawe. Hakupandisha sauti. "Koko, mimi nalisha hapa. Wajukuu wangu wanapita hapa kwenda shule. Ukiamsha watu, wewe unarudi Kitengela. Mimi nabaki nao."

"Nisipomwita atajuaje ni sisi? Mkwe, wamepita watu hapa miaka mia moja wakinyamaza. Si ndiyo maana bado yuko hapa?"

Walisimama hivyo. Yeye na fimbo, Mama na mkebe. Nilimtazama shemeji; alikuwa amemshika mtoto kama mtu aliyebeba kitu cha watu wawili na kila mmoja anakidai. Nikatafuta neno la kusema. Mimi huwa sikosi neno. Siku hiyo nilikosa, na sasa naona ilikuwa afadhali.

Mwisho mzee akashusha pumzi. "Mwite kwa lugha yenu," akasema. "Polepole. Mimi naenda kuangalia mbuzi."

Mbuzi walikuwa palepale, juu ya mawe. Akawashusha, akawaswaga mbali, mbali kuliko ilivyohitajika, akipiga mluzi kwa nguvu ili masikio yake yawe na kazi.

Mama akamwita mara tatu, kisha akaanza kumpa habari. Alimwambia mkewe alimngoja. Alimwambia nani alimzaa nani, na kwamba barabara ya kwetu siku hizi ni ya lami, na kwamba ile mizigo si yake, aiache hapo. Alizungumza muda mrefu, kama mtu aliyepata simu ya mbali. Mtoto alikuwa amelala tangu Isinya, na hakuamka. Mama alichukua hilo kama jibu. Mimi najua mtoto akichoka kulia hulala, lakini sikuulizwa.

Mzee aliporudi, Mama alikuwa ameshika jiwe dogo mkononi. Akamkataza. Hapo mtu huweka, hachukui. Mama akalirudisha, akaomba udongo. Mzee akafikiria, akasema udongo ni sawa, mbuzi wenyewe huuchukua kila siku kwa kwato.

Lakini udongo wa wapi? Hakuna aliyejua wetu amelala upande gani. Mama akaanza mwisho mmoja wa rundo, akachota kidogo kwa vidole, akasogea hatua, akachota tena. Alilizunguka rundo lote hivyo, na goti lile, akikataa kusaidiwa, mpaka mkebe ukajaa.

Ndugu yangu hakuweza kuvumilia. "Mama, hao wengine hatuwajui. Unatupelekea watu wa watu nyumbani."

"Watajuana huko," Mama akasema. "Walitembea pamoja."

Kisha kila mtu akaongeza jiwe. Mama alichagua dogo. Mzee akaenda hadi kwenye korongo akarudi na moja kubwa ambalo lilimtoa jasho, akaliweka bila kusema ni la nani.

Tukirudi bomani alinivuta nyuma kwa kunigusa na fimbo. "Ero," akaniita, kama wanavyomwita kijana, ingawa nina mvi. "Mkishamzika huko kwenu, huyo mtu atakuwa amelala?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana ya mgomba.

"Na jina lake linabaki na nani?"

"Na mtoto."

"Siyo na yeye?"

"Yeye hatalihitaji tena."

Akatembea kimya hadi kwenye ua. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kitu juu ya kimya chake, sikumsumbua.

Mgomba tuliuzika Vihiga, likizo ya Agosti. Ulikuwa mfupi, wa nyuma ya jikoni, na mkebe ulikaa chini yake. Pasta alikuja kwa kile alichokiita sala ya shukrani, akawa mwangalifu asitazame ndani ya shimo. Majirani walimlilia vizuri mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona, na mimi, niliyekuja kwa udadisi tu, nilijikuta nimepangusa macho kwa mkono wenye udongo. Mtoto alilia kuliko wote. Siku chache baadaye jino lake la kwanza lilitokeza. Mama akasema hata huyo babu hakuwa mtu wa kuridhika haraka.

Siku hiyo ya maziko tulikuwa bado tunakula wakati simu ya shemeji ilipolia. Alikuwa baba yake. Akauliza kama kazi imekwisha, kama shimo limefunikwa, kama mvua ilikuja juu yake. Shemeji akamjibu yote. Kisha nikamwona amekaa wima, akaiweka simu kwenye sikio la mtoto na kumshika kichwa kisigeuke.

Nilikuwa karibu, nikasikia. Mzee alilitaja jina lote, bila kuharakisha, kama mtu anayemwita kijana aliye ng'ambo ya malisho. Akangoja kidogo. Halafu akamuuliza mjukuu wake kama huko kwao nyasi zimeota.